Mjukuu wangu mwenye usonji anatimiza miaka 13: nimfanyie sherehe au niache?

Assalaam alaykum, ndugu mshauri.

Mimi ni bibi wa miaka 67, ninaishi Mkoani, Pemba, pamoja na binti yangu, mumewe na watoto wao wawili. Mjukuu wangu wa kwanza, mvulana, anatimiza miaka 13 mwezi ujao. Ana usonji. Tulielezwa hivyo na daktari alipokuwa na miaka sita, baada ya safari nyingi za Unguja na baada ya kupita kwa waganga ambao sitaki hata kuwakumbuka. Maneno yake ni machache, na mengi ni ya kurudia yale aliyoyasikia kwa watu, lakini yapo mambo anayoyajua kuliko sisi. Boti huijua kwa mngurumo wake kabla haijaonekana kutoka gatini. Ukimwonyesha mwezi usiku atakwambia "bamvua", yaani maji hujaa na kupwa sana, au "maji mafu", yaani hujaa na kupwa kidogo, wala hakosei. Haya alifunzwa na marehemu mume wangu, aliyekuwa mvuvi, ambaye kila alasiri alimshika mkono wakenda pwani wakakaa chini ya mti wa mkungu, pengine saa nzima bila ya kusemezana. Mume wangu alifariki mwaka jana. Sasa ninakwenda naye mimi.

Miaka miwili iliyopita, alipotimiza miaka 11, tulikuwa Unguja kwa shangazi yake, naye kwa nia njema kabisa akamfanyia sherehe. Walialikwa watu wasiopungua 40, wengi wao mtoto hajapata kuwaona. Kulikuwa na mabaluni, spika kubwa na keki yenye mishumaa. Watu walipomzunguka wakaanza kuimba na kupiga makofi, aliziba masikio, akapiga ukelele, akaisukuma keki ikaanguka, akamng'ata binamu yake mkono, kisha akatoka mbio mpaka barabarani. Mwenyezi Mungu alimsitiri, gari ikawahi kusimama. Aliporudishwa ndani nilimsikia mgeni mmoja akisema kwamba mtoto ana shetani, na mwengine akataka aletewe kombe, yaani maji yaliyooshewa maandishi ya Kurani, anyweshwe. Binti yangu aliingia chumbani na mwanawe, akafunga mlango, na tangu usiku ule ameapa kwamba mtoto huyu hatafanyiwa tena sherehe yoyote.

Mwaka huu mwanangu wa kiume aliyeko Maskati amesema atatuma fedha, tukodi ukumbi, tuweke keki kubwa, tualike ukoo mzima, na tumrushie video. Anampenda sana mtoto wa dada yake, na nadhani anaumia kwa kuwa mbali. Kaka yangu mkubwa naye, ambaye ndiye tunayemsikiliza katika mambo ya dini, amesema kusherehekea siku ya kuzaliwa si mila yetu, na kwamba mtu hatangazi mtihani aliopewa na Mola wake. Mjukuu wangu wa kike, mwenye miaka tisa, ameniuliza kwa nini yeye hupikiwa siku yake na kaka yake hapikiwi. Sikuwa na jibu.

Ndugu mshauri, mimi natamani siku hiyo isipite hivi hivi. Wenzake wa rika lake wana siku ya kuhitimu Kurani, wana siku ya matokeo ya mtihani, na baadaye watakuwa na siku ya harusi. Huyu sijui Mungu amemwandikia nini, na mimi umri umekwenda. Tena anakua: amenipita urefu, sauti imeanza kuwa nzito, lakini majirani bado wanamfinya mashavu na kumwita "kitoto". Je, nimfanyie sherehe au niache? Nikimfanyia, nifanye vipi ili yasirudi ya Unguja? Na niwaambie nini mwanangu na kaka yangu bila ya kuvunja udugu?

Bibi wa Mkoani, Pemba

*

Waalaykumu salaam, na shikamoo Bi mkubwa. Nakupa mkono wa pole kwa kufiwa na mume. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na kila mara nimesimama pale chini ya mkungu, kwa sababu naamini jibu la nusu ya maswali yako liko pale.

Mfanyie. Umesema kweli kwamba familia zetu huhesabu watoto wao kwa siku: siku ya saba ya akika, siku ya tohara, siku ya kuhitimu, siku ya kufaulu. Mtoto ambaye nyingi katika siku hizo humpita pembeni anastahiki kuwa na siku yake ambayo watu wake watakaa na kumshukuru Mungu kwa kuwapo kwake. Ila ukiitazama upya sherehe ya Unguja utaona kwamba kila kilichokuwamo kilimfaa mgeni, kuanzia spika mpaka keki, na mwenye siku hakupata hata kimoja anachokipenda. Ukumbi wa mwanao, kwa mapenzi yote yaliyomo ndani yake, utairudia sherehe ile ile kwa gharama kubwa zaidi.

Naomba nieleze kidogo, kwa kuwa huenda ukahitaji kuwaeleza wengine. Usonji ni namna ubongo wa mtu unavyokua tangu mwanzo wa uhai wake. Hauletwi na malezi mabaya, wala na chanjo, wala na shetani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika mwaka 2021 mtu 1 katika kila watu 127 duniani alikuwa nao, kwa hiyo mjukuu wako hayuko peke yake hata hapo Pemba, ingawa inawezekana wenzake wengi wamewekwa ndani wasionekane. Wengi wenye hali hii huipokea sauti, harufu, mwanga na mguso kwa nguvu kuliko sisi. Kelele ambayo kwako ni furaha, kwake inaweza kuwa kama nyundo. Wengi pia hupata utulivu kwa kujua kitakachofuata, na hutaabika sana mambo yanapobadilika ghafla. Sasa mfikirie kijana huyo amezungukwa na nyuso ngeni, wote wanapiga makofi kwa pamoja, na hajui yatakwisha lini. Kung'ata na kukimbia kwake hakukuwa utundu wala ukosefu wa adabu. Yalimfika shingoni, na hakuwa na maneno ya kuomba aachiwe nafasi. Aliyetaka kuleta kombe sina ugomvi naye ikiwa nia yake ilikuwa dua, lakini mtoto aliye katika hali ile hanyweshwi kitu kwa nguvu, hashikwi na watu watano, wala hafukizwi. Hupelekwa penye kimya, mtu mmoja anayemwamini hukaa karibu naye bila ya kusema mengi, na husubiriwa mpaka atulie.

Kabla hujazungumza na Maskati wala na kaka yako, zungumza na binti yako. Ninavyomsoma mimi, binti yako hajaikataa furaha ya mwanawe. Amekataa kumwona mwanawe akitazamwa vile, na yeye mwenyewe akihukumiwa pamoja naye mbele ya watu 40. Usimwambie kwamba amekosea kuapa. Mwambie kwamba uliuona mlango ulipofungwa usiku ule, na kwamba hutafanya jambo lolote asilolikubali yeye. Kisha mpe mamlaka ya kweli: yeye ndiye atakayetaja nani aje, na yeye ndiye atakayesema "imetosha", na akisema hivyo wageni wataaga bila ya kuulizana. Naamini mama aliyepewa ufunguo wa mlango hatakuwa na haja ya kuufunga tangu mwanzo.

Baada ya mama, ulizeni mwenye siku. Najua maneno yake ni machache, lakini kuchagua si lazima kuwe kwa maneno. Mwonyesheni picha mbili mbili: pwani au nyumbani, samaki wa kukaanga au kuku, bibi na dada tu, au na binamu wawili pia. Picha anayoishika au anayoitazama kwa muda mrefu ndiyo kauli yake. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unasema mtoto mwenye ulemavu ana haki ya kutoa maoni yake katika mambo yanayomhusu na kusaidiwa kuyatoa, na sioni jambo linalomhusu mtu kuliko siku yake mwenyewe.

Sasa siku yenyewe. Mimi ningeipeleka sherehe chini ya mkungu. Maji, kama ajuavyo yeye kuliko mimi, husogea mbele kiasi cha dakika 50 kila siku, kwa hiyo saa ya maji kujaa katika siku hiyo inaweza kujulikana mapema. Mwachieni yeye aitaje, au aionyeshe kwa njia anayoiweza, na saa hiyo ndiyo iwe saa ya shughuli. Wageni wote wafuate hesabu yake. Sijui zawadi iliyo kubwa zaidi kwa kijana wa miaka 13 kuliko kuona watu wake wamefika mahali fulani kwa wakati fulani kwa sababu yeye amesema. Ikiwa maji yatajaa alfajiri na magharibi, chukueni saa ya kupwa. Watu wasizidi wanane, wote awe anawajua, na wasiwasili kwa mkupuo. Waje mmoja mmoja au wawili wawili, wamsalimie kwa sauti ya kawaida, wakae jamvini.

Wiki moja kabla, dada yake achore picha za siku hiyo kwa mpangilio wake na mzibandike ukutani: kuoga, kuvaa, kwenda pwani, kula, dua, kurudi nyumbani. Kila jioni wafute siku moja pamoja, na kila picha iwe kweli, maana mkichora samaki mkaleta biriani mtakuwa mmemdanganya. Kumshtukiza hakumfai kabisa. Ikiwa mnataka avae kanzu mpya, ifueni mara mbili tatu ilainike, kateni lebo ya shingoni, na aivae nyumbani siku kadhaa kabla. Akiikataa, avae anayoipenda. Mabaluni yaacheni. Udi na ubani, ambavyo najua ni vigumu kwetu kuviacha kwenye jambo la heri, viacheni pia mpaka arudi nyumbani akalale. Keki si lazima. Kama chakula chake ni wali mweupe na samaki wa kukaanga, kila kimoja upande wake wa sahani, basi hicho ndicho chakula cha sherehe, na wageni wale pilau yao pembeni. Muwe na mahali pa kukimbilia: jamvi la pili mbali kidogo, mtu mmoja wa kukaa naye, na alama ya mkono ambayo mmeizoea nyumbani yenye maana kwamba anataka kuondoka. Saa moja inatosha. Malizeni bado anafurahi, msingoje achoke.

Jambo moja ninakuomba ulishike kwa nguvu kwa sababu nimekuelekeza baharini. Watoto wengi wenye usonji huvutwa sana na maji, na hatari ya kuzama kwao ni kubwa kuliko ya watoto wengine, hata kwa anayeijua bahari kwa hesabu. Siku hiyo mtu mzima mmoja anayejua kuogelea, atajwe kwa jina, akae naye umbali wa kunyoosha mkono tangu mwanzo mpaka mwisho, asishike simu wala asipakue chakula. Penye watu wengi kila mmoja hudhani mwenzake anaangalia. Na ikiwa kijana hajafunzwa kuogelea, sehemu ya fedha ya mjomba wake ianzie hapo.

Hilo linanifikisha kwa mwanao. Usimwambie "hatutaki", kwa kuwa aliye mbali akikataliwa fedha yake huona amekataliwa yeye. Mwambie anahitajika. Mwombe aende bandari ya Mutrah, hapo hapo Maskati, asimame kimya, na apige video fupi za meli na majahazi zikiingia na kutoka, bila ya muziki na bila ya yeye kusema juu yake. Video hizo zitamfikia mjukuu wako mahali ambapo keki ya ukumbini haitafika kamwe, na huenda zikawa mazungumzo ya wawili hao kwa miaka. Fedha ya ukumbi inunue vifuniko vya masikio vya kupunguza kelele, ambavyo vitamfaa barabarani, skuli na hata msikitini, na inayobaki iwekwe kwa nauli na matibabu. Kuhusu video ya sherehe, mmoja wenu apige dakika moja tu kwa ajili ya mjomba, akiwa ametulia, na isirushwe kwenye makundi ya simu. Kijana huyu hawezi kuomba ifutwe.

Kwa kaka yako uende kwa adabu na usibishane naye juu ya hukumu. Hayo yana wenyewe, na mimi si mmoja wao. Mwambie hutaki mishumaa wala nyimbo, unataka chakula cha familia na dua ya kushukuru, na kwamba unamwomba yeye aiongoze, iwe fupi na kwa sauti ya chini. Hata tarehe isiwe kikwazo kwake: miaka 13 ya jua ni miaka 13 na karibu miezi mitano kwa hesabu ya mwezi, kwa hiyo kwa kalenda ya Kiislamu mtoto alishatimiza miaka hiyo na dua yenu haifungwi na siku ya Kizungu. Ama lile neno la kutotangaza mtihani, mkumbushe kwa upole Sura ya Abasa, ambayo yeye anaijua kuliko sisi. Ilishuka kwa ajili ya kipofu aliyekuja kuuliza jambo la dini, na Mtume, rehema na amani ziwe juu yake, alikuwa ameshughulika na wakubwa wa Kikureshi. Kipofu huyo, Ibn Ummi Maktum, hakufichwa. Alikuja kuwa mmoja wa waadhini wa Madina. Nadhani kaka yako, akikaa na hilo usiku mmoja, atakuja pwani.

Umetaja sauti nzito na majirani wanaomfinya mashavu, nami sitaki lipite. Miaka 13 ina maana, na sherehe hii ni nafasi nzuri ya kuwaonyesha watu kwamba yeye si kitoto tena. Waambie wageni mapema: asibusiwe, asibebwe, asifinywe, apewe mkono akiutaka, na asemezwe yeye mwenyewe, asizungumzwe kana kwamba hayupo. Zawadi zisiwe vitu vya watoto wa miaka mitatu. Ngalawa ndogo ya kuchongwa, saa ya mkononi, kalenda yenye mwandamo wa mwezi, darubini ya kutazamia vyombo, hizo ni zawadi za kijana. Na nyumbani, baba yake aanze sasa, si baadaye, kumfunza kwa picha na kwa kurudia yale ambayo wenzake huyaokota kwa kusikia: mlango hufungwa mtu anapobadili nguo, hakuna anayemgusa sehemu zake za siri, namna ya kuoga na kujitwaharisha mwili unapobadilika. Kwa kijana anayependa mpangilio, hatua zilizobandikwa ukutani mwa chooni hufanya kazi vizuri. Tena kifafa hutokea zaidi kwa watu wenye usonji, na umri wa kubaleghe ni mojawapo ya nyakati kinapoweza kuanza. Mkimwona anakodoa macho na hasikii akiitwa, au anaanguka na kutetemeka, msingoje, mpelekeni Hospitali ya Abdulla Mzee hapo Mkoani.

Mjukuu wako wa kike mshukuru kwa swali lake na mpe kazi ya zile picha, lakini siku yake yeye ibaki kuwa yake, na mabaluni yake akiyataka.

Huenda pamoja na maandalizi yote akaamka siku hiyo hataki kuvaa wala kutoka. Ikiwa hivyo, wageni wapigiwe simu, chakula kifunikwe, na picha za ukutani zisogezwe mbele siku moja. Na huenda mkafika pwani, akakaa jamvini dakika kumi, kisha akanyanyuka akaenda kuutegea sikio mngurumo wa boti. Msimwite arudi. Mwenye zamu ya kumlinda aandamane naye, nawe ukiweza nenda ukakae upande ule aliokuwa akikaa babu yake.